Neno Ambalo Bibi Hakulisema

Nilimwekea mwanamke mzee wa Ng'ambo, mjini Tabora, maneno mdomoni. Niliyafunga ndani ya alama za kunukuu, nikayapa kichwa cha habari, nikayasambaza pamoja na jina lake. Sikujua kwamba nasema uongo. Ningejua kama ningesikiliza rekodi iliyokuwa kwenye simu yangu mwenyewe. Sikuisikiliza.

Namwandikia mwanafunzi wa historia, wa fasihi simulizi, wa isimu, yeyote anayepewa barua ya utambulisho na kwenda kukaa kwenye mikeka ya wazee akiwa na daftari. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilihudhuria semina, sikuwahi kupata sapu, na mhadhara wa mbinu za utafiti niliusikiliza kwa makini na mtihani wake nikaufaulu. Yote niliyoyakosea niliwahi kufundishwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu, historia na Kiswahili, na nilikuwa mhariri wa jarida la kitivo. Chuo sikitaji kwa sababu hakina hatia. Jarida lenyewe lilikuwa kurasa chache tulizozipanga usiku kwenye kompyuta ya kuazima. Nakala kadhaa zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ngazi, na zilizobaki zilisafiri kwenye makundi ya WhatsApp. Tuliandika kwamba ratiba ya mitihani imebadilika, kwamba bumu limechelewa tena, kwamba mwanafunzi fulani wa uzamili ametetea tasnifu yake, kwamba kuna mdahalo kuhusu lugha ya kufundishia na ukumbi wake umehamishwa. Watu walilisoma wakiwa kwenye foleni ya kusaini fedha za mkopo. Nililipenda jarida lile kuliko nilivyopenda masomo yangu, na sioni haya kulisema.

Tatizo ni kwamba nilitaka liwe zaidi ya hapo. Mwaka wa kwanza mhadhiri mmoja alitusimulia habari za Cheche, jarida la wanafunzi wa chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, lililoanza Novemba 1969. Liliandikwa na vijana wenye umri kama wetu. Mwaka 1970 likatoa toleo zima la makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalipiga marufuku, pamoja na chama cha wanafunzi kilichokuwa nyuma yake. Habari ile iliniingia kwenye damu. Nilitoka nayo nikiamini kwamba jarida la wanafunzi hupimwa kwa watu linaowachoma. Sikujiuliza Cheche liliwachoma nani. Liliwachoma mawaziri, mameneja wa mashirika ya umma, wakubwa waliokuwa na magazeti na redio za kujibu. Mimi nilikwenda kumchoma bibi anayeuza karanga barazani kwake.

Tasnifu yangu ilihusu Tabora kwa sababu ni kwetu. Nilikulia Isevya, na mama yangu mdogo anaishi Ng'ambo. Mtoto wa Tabora hukua akijua kwamba mji wake umo vitabuni. Tulipelekwa na shule Kwihara, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Tuliambiwa kwamba Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati mji ukiitwa Kazeh. Tuliambiwa kwamba babake Tippu Tip alikuwa mkazi wa hapa na aliingia kwenye ukoo wa Mtemi Fundikira kwa ndoa. Tulijua kwamba Mtemi Isike alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani. Miembe ile mikubwa tuliambiwa ni ya watu wa misafara.

Nilipofika chuoni nikaanza kuona nani hayumo kwenye orodha hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na bidhaa kwa ujira wa merikani, kaniki na shanga, angalau wanahistoria wamewarudisha kwenye nafasi yao. Lakini wale walioletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kutoka Manyema, wakivushwa hadi Ujiji na kuletwa Unyanyembe, yaani huku Tabora, wengine wakiwa watoto, wakabaki hapa na kuzaa hapa? Vitukuu wao wanaishi mtaa mmoja na mama yangu mdogo. Niliona ni dhuluma kwamba hawana historia iliyoandikwa, na bado naona hivyo. Nilichokosea ni kudhani kwamba dhuluma hiyo inanipa mimi haki ya kuiondoa kwa njia yoyote, hata bila wao.

Mama mdogo ndiye aliyenipeleka kwa Bibi. Jina lake silitaji tena, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Taratibu zote nilizifuata. Barua ya chuo ilipita kwa mtendaji wa kata, ikapita kwa mwenyekiti wa mtaa, na Bibi akasomewa fomu ya ridhaa na kuweka dole gumba. Fomu ilisema mazungumzo yatatumika kwa madhumuni ya kitaaluma tu. Niliisoma kwa sauti mimi mwenyewe. Baadaye, nilipotaka kuyatumia kwenye jarida, nilijiambia kwamba jarida la kitivo nalo ni taaluma. Hoja hiyo sikumweleza mtu yeyote kabla ya kuitumia, na nadhani nilijua kwa nini.

Bibi alitukaribisha kwa chai ya rangi na matobolwa. Nikaweka simu katikati ya mkeka, nikawasha kinasa sauti, nikaanza kumuuliza habari za bibi yake mzaa mama, ambaye alimwahi na kumjua vizuri. Hii ndiyo sehemu yenyewe, kama nilivyokuja kuisikiliza mara nyingi baadaye. Bibi amesomewa mistari hii kabla sijaichapisha, na ameiruhusu.

“Alitoka wapi?”

“Manyema huko. Alikuja na safari.”

“Alikuja, au aliletwa?”

“Alikuwa mtoto. Mtoto si huletwa?”

“Waliomleta walimnunua?”

“Alilelewa nyumba hii. Akaolewa nyumba hii. Watu wa nyumba hii ndio waliomzika.”

“Kwa hiyo alikuwa mtumwa.”

Hapo pana ukimya. Kisha Bibi anasema, “Kunywa chai, mjukuu wangu, inapoa.”

Usiku ule, nyumbani kwa mama mdogo, niliandika kwenye daftari: Amekiri, bibi yake alikuwa mtumwa. Neno nililolitumia ni hilo, amekiri, kama polisi anayeandika maelezo ya mtuhumiwa. Nilikuwa na furaha. Nilijiona nimepata kitu ambacho vitabu havina.

Nilirudi chuoni. Kazi ya kunakili rekodi neno kwa neno inachosha, na kila aliyewahi kuifanya anajua kwamba saa moja ya mazungumzo hula siku nzima. Niliiahirisha. Kulikuwa na kozi wek, kulikuwa na jarida. Toleo lililofuata lilikuwa na ukurasa mzima kuhusu kuchelewa kwa bumu, tena wenye maneno makali. Asubuhi ya siku ya kufunga toleo fedha zikaingia kwenye akaunti za wanafunzi. Habari ikafa. Nikabaki na ukurasa mtupu na saa chache. Nikachukua daftari.

Makala niliyoiandika ilikuwa nzuri kwa macho ya mtu asiyemjua anayezungumziwa. Nilieleza kwamba amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliwafanya huru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha, na kwamba hadhi yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasimama. Nilikokotoa miaka ya mama yake Bibi, nikaandika kwamba alizaliwa karibu na mpaka huo wa sheria, na kwa hiyo huenda naye alikuwa mzalia, yaani mtumwa wa kuzaliwa. Mama wa mtu niliyekunywa chai yake. Nilimpima kwenye karatasi kama bidhaa ya forodhani. Juu kabisa nikaweka nukuu: “Bibi yangu alikuwa mtumwa.” Chini yake jina la Bibi, na Ng'ambo, Tabora.

Wenzangu kwenye bodi ya jarida walinisifu. Mhadhiri mmoja alinipongeza kwenye korido. Hakuna aliyeniuliza kama ninayo rekodi, na nisingetaka kuulizwa.

Makala haikuchukua muda kufika Tabora. Mtu wa Tabora aliyekuwa kitivoni alimtumia nduguye, nduguye akaiweka kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo lina watu wa kila aina. Mama mdogo alinipigia simu jioni. Hakunisalimu.

“Umemwita mtu wa watu mtumwa?”

“Mama, sikumwita mimi. Amesema mwenyewe. Ninayo rekodi.”

“Unayo?”

“Ninayo.”

“Basi nitumie niwasikilizishe, maana hapa mimi ndiye niliyekupeleka.”

Nilikaa kitandani nikiwa na hasira. Nilimwona mama mdogo amechukua upande wa watu wanaotaka historia ifukiwe. Nilifungua rekodi ili nikate kipande kile nimtumie, shauri liishe. Niliifungua ili nishinde.

Nilisogeza mbele mpaka mahali nilipokumbuka kwamba amesema. Hapakuwa na kitu. Nikadhani nimepitiliza, nikarudi nyuma kidogo. Nikasikia sauti ya kikombe. Nikarudi nyuma zaidi, nikasikia sauti yangu ikisema mtumwa, nikasubiri aitikie. Hakuitikia. Nikasikia chai inapoa. Nikajiambia kwamba basi atakuwa alisema mapema, kabla ya hapo, au alisema baadaye wakati tunaaga. Nikarudi mwanzo kabisa, nikasikiliza yote bila kuruka, kuanzia shikamoo hadi kwaheri, wenzangu wa chumbani wakiwa wameshalala.

Neno mtumwa limo kwenye rekodi ile. Kila linaposikika, sauti ni yangu.

Bibi anasema safari. Anasema watu wa nyumba ile. Anasema alilelewa. Mahali pamoja anasema, kwa upole, kwamba si kila kitu ni cha kuuliza. Nilikuwepo pale, masikio yangu mazima, na sikuyasikia hayo, kwa sababu nilikwenda nikiwa na sentensi yangu tayari na nilikuwa nikimsubiri aitie sahihi. Aliponyamaza, nilihesabu kimya chake kuwa sahihi. Daftari likakigeuza kimya kuwa kukiri, na jarida likakigeuza kukiri kuwa nukuu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambapo nilikaa chini nikaamua kudanganya.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye rekodi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, ingawa halikumwumiza mtu mwingine yeyote. Sehemu ndefu ya mazungumzo Bibi hazungumzii habari za bibi yake hata kidogo. Anazungumzia Januari 1958, alipokuwa mke kijana, mkutano mkuu wa TANU ulipofanyika Tabora. Ni ule mkutano wa kura tatu: chama kiingie kwenye uchaguzi ambao kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, au kisusie. Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kuingia. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress, na TANU ikaenda ikashinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Vitabu vinauita Uamuzi wa Busara. Msomaji anaijua hotuba, anawajua waliozungumza.

Bibi alikuwa jikoni. Anaeleza wanawake wa mtaani walivyopokezana zamu ya kupika, nani alitoa mchele, nani alitoa kuni, namna walivyokuwa wakisikiliza wajumbe wanavyobishana wakati wa kula na wao wenyewe wakabishana kwenye masufuria kuhusu hiyo kura. Sauti yake inapanda, anacheka. Ni wazi kwamba hii ndiyo habari aliyotaka kuisimulia tangu nilipobisha hodi. Na kwenye rekodi nasikika nikisema, “Ehee. Sasa tukirudi kwa bibi yako.” Anaanza tena habari ya 1958. “Ehee, Bibi. Sasa tukirudi.” Mara ya tatu anakubali kurudi. Nilikuwa nimekaa na mtu aliyeshiriki katika tukio kubwa kabisa la siasa lililowahi kufanyika mjini kwetu, akalieleza kutoka mahali ambapo hakuna mwanahistoria niliyemsoma amewahi kusimama, nami nikamkatiza ili anipe neno nililokwenda nalo.

Asubuhi nilimpigia mama mdogo, nikamwambia sina cha kumtumia. Nikamwambia Bibi hakusema. Alinyamaza, kisha akasema, “Mimi nilijua.”

Sasa gharama ya kosa lile. Nyumba anayoishi Bibi ni ya ukoo wa yule aliyemleta bibi yake. Kwa zaidi ya miaka mia watu wa nyumba hiyo wameitana ndugu, wameoana, wamezikana. Wote wanajua, hilo nalielewa sasa. Udugu ule waliujenga wao wenyewe juu ya msingi ambao hakuna aliyetaka kuukanyagakanyaga. Mwaka ule kulikuwa na mvutano kuhusu kiwanja, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za mjini, na mmoja wa vijana wa ukoo akaja na simu yenye makala yangu. Kama bibi yake alikuwa mtumwa wa nyumba, alisema, basi huyu si ndugu, ni mtu aliyehifadhiwa. Shauri lilifika baraza la kata. Lilisuluhishwa, na Bibi hakutolewa. Lakini alilazimika kukaa mbele ya watu na kueleza nani alimzaa nani. Kuna shemeji zake wawili ambao hawaingii tena kwake. Mama mdogo hakualikwa kwenye harusi mbili za mtaani mwaka ule, naye ni mtu wa harusi.

Mimi sikupoteza kitu cha kuhesabika. Niliiondoa sura ile kwenye tasnifu, nikaweka badala yake muhtasari wa vitabu. Nilipata alama nzuri kuliko nilizostahili.

Nilichapisha masahihisho kwenye toleo lililofuata. Yalikuwa sentensi mbili chini ya ukurasa wa mwisho, zikisema nukuu fulani “haikuwa sahihi”. Huo nao ulikuwa woga. Sikuandika nani alikosea wala vipi, na masahihisho hakuna aliyeyasambaza kwenye kundi la ukoo.

Chuo kilipofunga nilikwenda Tabora. Mama mdogo alinipeleka tena, safari hii akatangulia na mzee mmoja wa mtaani, maana huwezi kwenda kuomba radhi peke yako kama unakwenda dukani. Nilisema nilichokwenda kusema. Aliyonijibu Bibi siku ile ni yake na siyaandiki. Naweza kusema aliloliagiza: niifute rekodi, yote, mbele yake. Nilimwambia kwamba ndani yake imo habari ya 1958, nikamwomba tuibakize sehemu ile tu. Akasema yote. Nikaifuta mbele yake, na nikamwonyesha mzee aliyekuwepo kwamba haimo tena. Habari ya wanawake waliopika kwenye mkutano wa Tabora, kwa kinywa chake, haipo mahali popote sasa. Nilichoeleza hapo juu ndicho pekee alichoniruhusu kukitaja.

Baada yangu msimamizi wa tasnifu yangu alituma wanafunzi wengine Ng'ambo, wawili wakiwa na mada ambazo hazikuhusu utumwa hata kidogo. Mmoja alikuwa akitafiti nyimbo za harusi. Walisalimiwa vizuri, wakapewa maji, wakaambiwa wazee hawapo. Yule wa nyimbo za harusi alibadilisha mada. Hakujua kwamba ni mimi niliyemfungia milango, mpaka nilipomwambia.

Kuna watu niliowasimulia haya wakanijibu kwamba basi afadhali mambo ya utumwa yaachwe. Sikubaliani nao. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaandika waziwazi kwa Kiswahili katika Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903, akieleza daraja za watumwa na maisha yao, na watu wa enzi yake wangeweza kumsoma. Mwaka 2024 kilitoka kitabu cha Salvatory Nyanto, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu watu waliotoka utumwani na jumuiya za Kikristo walizozijenga hukuhuku magharibi mwa Tanzania. Historia hii inaandikika. Inaandikika na mtu aliyekaa muda wa kutosha kujua nani yuko tayari kuisema, kwa maneno gani, na jina la nani linaweza kubaki ukurasani bila kumfikisha mtu barazani. Mimi nilikaa alasiri moja, tena nikiwa na hamu ya kuondoka na kitu.

Sasa nafundisha. Wanafunzi wangu wakirudi kutoka uwandani nawauliza kwanza wanisomee maswali yao kama yanavyosikika kwenye rekodi, kabla ya majibu. Baadhi yao huona ni usumbufu. Huwa nawasimulia habari hii, lakini mpaka leo nilikuwa naisimulia kana kwamba ilimpata mwanafunzi mmoja niliyesoma naye.

Bibi yu hai. Nilipompelekea ombi la kuandika kosa hili, kupitia mama mdogo, alijibu kwamba kosa ni langu na naweza kuliandika, ila habari zake nyingine niziache. Nimejitahidi kubaki ndani ya ruhusa hiyo.

Toleo lile bado linazunguka. Mwaka jana nililiona tena kwenye kundi la waliosoma kitivoni kwetu, mtu akiwa amelituma kwa nia njema, akiwakumbusha wenzake enzi za jarida, na jina la Bibi likiwa palepale juu ya ukurasa. Kama ulisoma nasi miaka ile, na simu yako inahifadhi mafaili ya zamani, litafute. Ni lile lenye mti wa mwembe kwenye jalada. Naomba ulifute, na kama ulimtumia mtu, mwombe naye alifute.